Simu Ndani ya Sufuria

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imeanguka leo saa nne asubuhi, na ilipofika saa nne na robo nilikuwa tayari na simu tatu zilizokunywa maji. Huu ndio msimu wa mavuno kwetu mafundi simu. Watu wanakimbizana na mvua, simu zinatumbukia kwenye madimbwi, halafu wananiletea zikiwa zimefukiwa kwenye mchele, eti mchele unanyonya maji. Mchele haunyonyi kitu jamani. Unaingiza vumbi kwenye tundu la chaji, na wa kuchokonoa ni mimi.

Daftari hili nimelinunua jioni kwa sababu ya kilichotokea mchana.

Saa saba mdogo wangu aliingia kibandani kalowa chapachapa, mtoto mgongoni, mkononi kashika sufuria iliyofungwa mfuniko kwa mpira. Kibanda tunagawana wawili: fundi cherehani na mashine yake upande wa mlangoni, mimi na meza yangu upande wa ndani. Fundi cherehani, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema, "Karibu mgeni, umetuletea mboga?" Mdogo wangu hakucheka. Akaitua sufuria mezani kwangu, akanong'ona, "Simu imo humu. Nimesikia chuma kinaizuia isionekane."

Nilitaka kucheka mimi basi. Kabla sijafungua mdomo simu yangu ikaita. Shemeji, yaani mume wake. Sauti yake ile ya upole, kama anasoma taarifa ya habari. "Shemeji, habari za kazi? Huyo mdogo wako akishakauka mwambie asichelewe, barabara zinajaa maji."

Sikuwa nimemwambia mtu. Mfuniko wa sufuria ulikuwa umepinda pembeni, unapitisha kidole.

Mdogo wangu akanionyesha mkono wa kushoto. Vidole viwili vina bendeji. Mlango ulifungwa juu yake, "kwa bahati mbaya", mara ya pili tangu mwaka uanze. Akasema, "Sirudi, Bisibisi. Hata aniite kwa tarumbeta."

Bisibisi ni mimi. Nilipokuwa na miaka kumi niliifungua redio ya baba kwa bisibisi, mdogo wangu akiwa mlinzi mlangoni, na sikuweza kuirudisha. Baba aliambiwa ni panya. Tangu hapo ananiita hivyo tukiwa wenyewe, kwa mdomo tu. Mbele za watu na kwenye meseji mimi ni Dada. Nadhani hii ndiyo mara ya kwanza jina hilo kuandikwa popote. "Na wewe usiandike chochote kwenye simu," akaniambia. "Chochote." Haya, naandika kwenye karatasi kama mtoto wa shule.

Jumanne, 5 Machi

Simu saba za maji. Mtoto wa mdogo wangu, tunamwita Nukta kwa udogo wake, ana miaka minne, amepanga skrubu zangu zote kwa urefu. Sijaombwa ruhusa.

Alhamisi, 7 Machi

Niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu. Nilidhani mdogo wangu anatia chumvi. Shemeji ni kipenzi cha familia. Kazi yake ni mitandao ya maofisini, na siku ya harusi alitugawia simu mpya mimi, mama na bibi harusi, akatuwekea kila kitu mwenyewe: akaunti, kundi la familia, albamu ya familia. Sisi tulibaki kupiga picha tu. Mwaka juzi akaniletea darubini hii ninayotazamia bodi za simu. Nilimtangaza mtaa mzima. Ningekuwa na shemeji wawili kama yule, nilikuwa nasema, ningefungua kiwanda.

Leo nimeikagua simu ya mdogo wangu. Nimekuta programu inayojiita Huduma ya Betri. Haina kazi yoyote na betri. Inatuma mahali simu ilipo kila baada ya dakika kumi, inatuma meseji, inaweza kuwasha maiki. Nikaifuta. Nikazima, nikawasha, imerudi, imekaa pale pale kama mwenye nyumba. Akaunti yenyewe ina jina la Shemeji.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Nilikwambia nini?" Nimeona haya.

Jumapili, 10 Machi

Nimeifumua yote.

Kwa daftari hili lisilojua kompyuta: simu janja nyingi zinakuja na mfumo wa kampuni kubwa, na huwezi kuishi nayo bila akaunti, na mwenye akaunti ndiye mwenye simu. Lakini kuna mifumo huria. Watu wanaiandika kwa kujitolea, na kila mstari uko wazi, asome anayetaka. Simu inabaki simu, ila haipeleki umbea kwa mtu. Mimi nimewawekea wateja wachache tu, wabishi kama mimi.

Nilipakua mfumo kwa saa tatu, fundi cherehani akilalamika kwamba nimemaliza intaneti yake na tamthilia imekwama mahali pabaya. Nikafungua kufuli la kiwanda, lile linalozuia mfumo mwingine kuingia. Simu ikafa kioo cheusi dakika kumi na moja, na mdogo wangu akaanza kutafuna kucha. Kama kawaida yangu nilipiga picha kila hatua: kabla ya kufungua, baada ya kufungua, skrubu zikiwa kwenye sinia. Sifungui simu bila picha. Nilishawahi kurudisha skrubu ndefu mahali pa fupi nikatoboa bodi ya simu ya mtu, na sijasahau alivyolia.

Halafu ikawaka. Nembo ngeni, ukurasa mweupe, hakuna anayekuuliza jina lako. Tukaweka laini mpya. Mdogo wangu akaishika kwa mikono miwili, akaisikiliza. "Imenyamaza," akasema. Ilikuwa kweli. Hakuna mlio, hakuna "uko wapi", hakuna "mbona hujibu".

Simu yangu mwenyewe nitaishughulikia Jumapili ijayo.

Alhamisi, 14 Machi

Wamehamia chumba walichopanga, mwendo wa nusu saa kutoka hapa, nyuma ya karakana ya magodoro. Geti la buluu. Dirisha linatazama tangi la maji lenye namba nyeupe, kumi na saba. Magodoro mawili ya mabaki, jiko la mafuta, kamba ya nguo. Nukta kakimbia kutoka ukuta hadi ukuta akasema, "Mama mkubwa, nyumba imeisha!" Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Ni hatua nne.

Wanaojua mahali hapo ni mimi na mama yetu. Basi.

Jumapili, 17 Machi

Mvua kutwa. Simu kumi na moja. Yangu, Jumapili ijayo.

Jumanne, 19 Machi

Mdogo wangu amepata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Kazi yenyewe anaiweza. Tatizo ni mahudhurio. Kila mfanyakazi anajiandikisha kwa programu kwenye simu, na programu imegoma kufunguka kwenye simu yake. Imemwandikia kwa maandishi mekundu: Kifaa hiki si salama.

Nimeisoma mara tatu. Simu pekee isiyompeleleza mtu kwenye jengo lile lote, ndiyo si salama! Nimejaribu mbinu zote ninazozijua na mbili nisizozijua. Programu inataka kuona muhuri wa kampuni kubwa ndani ya simu, na mfumo huria hauna. Ya benki nayo imejibu vivyo hivyo. Msimamizi amemruhusu asaini kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo, amesema, "Tafuta simu kama za watu."

Ijumaa, 22 Machi

Shemeji kaja kibandani.

Kaja na mwavuli, kaukung'uta nje ili asiloweshe vitambaa vya fundi cherehani. Ana adabu yule, hilo simnyimi. Fundi cherehani kampa kiti.

"Shemeji, darubini inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Ikisumbua lenzi niambie." Kaangalia meza yangu polepole, kuanzia kushoto. "Mdogo wako hapatikani siku hizi."

"Labda hataki kupatikana."

Katabasamu. "Shemeji, wewe ni fundi. Unajua kitu kikipotea tunaanzia pale kilipoonekana mara ya mwisho. Mimi sina haraka." Kisha akauliza viatu vya Nukta sasa namba ngapi, maana watoto wanakua. Nikamwambia sijui. Akasema, "Utakuwa unajua," na akaaga kila mtu, hadi mteja aliyekuwa anasubiri.

Baada ya kuondoka nilirudia skrubu moja mara tatu kabla haijakaa. Lakini nilijisikia mshindi vilevile, niseme tu. Hajui alipo mke wake. Amekuja kuuliza kwa mdomo, kama watu wa zamani. Mashine zake zote zimeshindwa na mimi, mtu wa kibandani, niliyeishia darasa la saba.

Jumapili, 24 Machi

Nilitaka kuisafisha yangu leo. Nikakumbuka aina hii ya simu kufuli lake halifunguki, lazima ninunue nyingine nihamishe wateja wote. Wiki ijayo.

Jumatano, 27 Machi

Fundi cherehani ameniuliza kwa nini siku hizi naimba. Nimemwambia ni koo.

Jumamosi, 30 Machi

Siku nzuri kuliko zote tangu mwaka uanze. Naiandika yote.

Tundu la chaji la simu ya mdogo wangu limeingia unyevu, akaogopa kusafiri nayo kwenye mvua hadi kwangu, nikamwachia fundi cherehani kibanda nikamfuata na begi la vifaa. Nimefanyia kazi dirishani kwake, kwenye mwanga. Nimepiga picha zangu, Nukta akanishikia sinia la skrubu kwa mkono mmoja, hatikisiki, kanishinda mimi. Nimemwambia atakuwa fundi. Kasema hapana, atakuwa tangi.

"Tangi la nini?"

"La maji. Namba kumi na saba."

Mdogo wangu alikuwa anakaanga mayai. Bendeji imetoka, kidole kimoja kimepona kimepinda. Akasema anaanza kusahau mlio wa simu ile ya zamani. Zamani hata mashine ya kiwandani ikilia alikuwa anashika mfuko. Akasema, "Bisibisi, kumbe mtu anaweza kwenda dukani bila kujieleza." Tumekula mayai, mvua ikanyesha, hatukuwa na haja ya kwenda popote.

Nimerudi nikiwa nimelowa na sikujali.

Jumatano, 3 Aprili

Asubuhi mdogo wangu amefungua mlango wa chumba chake akakuta boksi la viatu vya mtoto. Vipya, vyeupe. Vinamwenea Nukta barabara.

Hakuna barua. Hakuna mtu.

Amefika kwangu mbio, viatu kavitupa njiani, Nukta analia anavitaka. Nimeifumua simu yake tena kutoka mwanzo. Nimetafuta kila pembe. Ni safi. Naapa ni safi, nimeitazama mpaka macho yamevimba. Kama simu haikusema, basi amesema mtu. Na watu wanaojua mahali pale ni wawili, na mimi sijasema.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekwenda kwa mama.

Alikuwa kwenye kiti chake barazani, simu mapajani, miwani puani. Simu ile ile ya harusi. Sikusalimia vizuri. Nikamwuliza, "Mama, umemwambia?"

"Nimwambie nani, nini?"

"Mkweo. Mwanaume wako unayempenda kuliko sisi."

Mama akavua miwani. "Mimi sijasema kitu, mwanangu."

"Anakupigia kila siku!"

"Ananipigia kuniuliza dawa nimekunywa. Wewe huniulizi." Akaikunja miwani. "Lakini sijasema. Hata sijui kuelekeza huko, nilipelekwa na wewe usiku wa mvua, nikaona geti tu."

Nikamwambia maneno. Nilimwambia kwamba alipoona bendeji ya kwanza alimwambia mwanawe avumilie, kwamba anauza mtoto wake kwa salamu za simu, kwamba mdogo wangu akipigwa akafa, yeye mama ndiye atakayejua alipozikwa kwa sababu mkwewe atamtumia ramani. Hilo la mwisho ningependa kulifuta, lakini nimelisema, kwa hiyo naliandika.

Mama hakulia. Akanipa simu yake. "Ichukue. Ukae nayo. Nisije nikasema nikiwa usingizini."

Nimeitia kwenye droo ya kibandani, chini ya vioo vibovu.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua. Mama hapokei salamu zangu. Wala sina hamu naye.

Jumanne, 9 Aprili

Chumba kipya, upande wa pili wa mji, ghorofa ya pili juu ya kiwanda cha mikate. Ukuta una joto, nguo zinakauka. Mama mwenye nyumba atakaa na Nukta mdogo wangu akiwa kazini. Safari hii mama yetu hatujamwambia. Nimekwenda leo kufunga taa na kuikagua simu tena, nimeifungua, nimepiga picha, kila kitu kiko mahali pake. Safi kabisa.

Mdogo wangu alikuwa anasikiliza ngazi.

Ijumaa, 12 Aprili

Kiwanda cha mashuka kimemwondoa. Programu. Sasa anafua nyumba za watu, wanaomlipa mkononi na hawataki kujua ana simu gani.

Jumapili, 14 Aprili

Simu yangu: wiki ijayo, nimekwishasema.

Jumamosi, 20 Aprili

Nukta kachukuliwa.

Saa tano asubuhi, mdogo wangu akiwa kwenye beseni la mtu. Shemeji alipanda ngazi na mwavuli wake, akabisha hodi, akamsalimia mama mwenye nyumba kwa heshima zote. Nukta alimwona akapiga kelele "Baba!" akamrukia. "Mtoto mwenyewe alimkimbilia," mama mwenye nyumba alikuwa anatuambia, mikono kichwani, "ningemng'ang'ania vipi mtoto anayemkimbilia baba yake?" Hata mimi ningemwachia. Nimejaribu kumkasirikia nimeshindwa.

Tumekwenda polisi tukiwa tumelowa wote wawili. Askari alikuwa anachora mistari kwenye kitabu chake kwa rula. Akasikiliza hadi mwisho.

"Baba yake mzazi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kosa liko wapi, mama? Baba kamchukua mwanawe."

Mdogo wangu akanyoosha kile kidole kilichopinda. Askari akakitazama. "Hiki cha lini? Ulikuja kuripoti?" Hakuja. "Basi mpigieni simu mzungumze kifamilia. Ana simu?"

Anayo. Anazo zote.

Hatukuhitaji kupiga. Alinipigia mimi, tukiwa bado kwenye ngazi za kituo. Niliweka sauti ya nje. "Shemeji, msihangaike na mvua hii. Mtoto amekula, amevaa viatu vipya, vile vingine mlivitupa. Mama yake akitaka kumwona, nyumbani anapajua. Sina ugomvi na mtu. Ila hiyo simu yake ya ajabu aiache huko, haipatikani, mtoto akiugua tutampataje? Nimemnunulia nyingine. Nimeshaiwekea kila kitu."

Nyuma yake Nukta alikuwa anaimba.

Mdogo wangu alikaa chini pale pale, kwenye maji.

Jumapili, 21 Aprili

Sijui nitaandikaje hili. Nitaandika kama lilivyokwenda.

Leo nilifungua droo nikatoa simu ya mama. Nilitaka ushahidi. Nilitaka nikute alivyomwelekeza, nikamwekee mbele ya macho yake. Nikaiwasha. Hakuna meseji. Simu zote alizopigiwa ni dakika moja, dakika mbili, za kuulizwa dawa. Nikafungua picha.

Ikafunguka albamu ya familia.

Picha za harusi juu kabisa, keki, mama na kitambaa chake. Halafu skrubu. Bodi za simu. Skrubu, bodi, tundu la chaji, sinia, mamia, miaka mitano ya meza yangu. Picha zangu. Kila picha niliyowahi kupiga kazini imekuwa ikienda humo yenyewe, kwa sababu siku ya harusi Shemeji alituwekea hivyo na mimi sikuwahi kuuliza. Chini ya kila picha pana ramani ndogo na jina la mtaa.

Nikateremka. Tarehe 30 Machi. Mkono wa Nukta umeshika sinia. Nyuma yake dirisha, na dirishani tangi, na tangini namba kumi na saba. Chini, ramani.

Picha ilikuwa na alama ya moyo. Nikaigusa nione nani kaiweka. Shemeji, tarehe 2 Aprili.

Tarehe 9, simu ikiwa imefunguliwa juu ya meza, ukutani kalenda ya kiwanda cha mikate. Moyo.

Hakuhitaji programu yoyote. Hakuhitaji kumwuliza mama. Alikaa kwake akatazama fundi akifanya kazi vizuri.

Nimechukua simu yangu nikajitoa kwenye albamu. Simu imeniuliza: Una hakika? Utapoteza kumbukumbu zako.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda kwa mama nikapiga magoti kwenye simenti yenye maji. Nimemweleza yote. Alinisikiliza akaniambia ninyanyuke, nitashikwa na homa. Sijui kama amenisamehe. Aliniuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo zile picha hukuwa unanitumia mimi?"

"Zipi, mama?"

"Za kazi yako. Nilikuwa nazitazama kila asubuhi. Nilisema, mwanangu hana muda wa kunipigia, lakini ananionyesha kazi. Nikauona na mkono wa mjukuu wangu. Nikafurahi, sikumwambia mtu, si mlisema ni siri."

Nilimwambia ndiyo, mama, nilikuwa nakutumia wewe. Akaenda kubandika maji ya chai.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemwambia mdogo wangu. Kibandani, mchana, fundi cherehani alitoka nje mwenyewe bila kuambiwa akasimama kwenye manyunyu.

Nilitaka anitukane. Nilimwomba. Akasema, "Ungekuwa umenisaliti ningekuchukia, ikaisha. Sasa nikufanyeje, Bisibisi?"

Nikamwambia tutakwenda mahakamani, kuna mama mmoja wakili, mteja wangu, kesi inaweza kusikilizwa mwezi wa nane. "Mwezi wa nane," akasema. "Nukta halali bila mkono wangu shingoni." Nikamwambia asubiri kidogo. Akaniuliza nimebakiza mpango gani, nikataja miwili, akasikiliza kwa adabu, kama tunavyomsikiliza mteja anayesifia mchele.

Halafu akatoa simu yake mfukoni, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaiweka mezani kwangu. "Siku ishirini na nne ilinyamaza," akasema. "Kuanzia siku ile uliyoifumua hadi siku ya viatu. Nilizihesabu. Sijawahi kulala kama nilivyolala siku zile. Nataka ujue hivyo."

Nilimshika mkono. Alikuwa na haraka, mvua ilikuwa imepungua na alitaka kufika kwa Nukta kabla haijarudi. Aliondoka bila mwavuli. Ile sufuria yake aliisahau.

Jumatano, 24 Aprili

Simu nne za maji.

Jumapili, 28 Aprili

Nimenunua simu nyingine, nimeiwekea mfumo huria, nimehamisha wateja wote. Imechukua saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu tu.

Ile yangu ya harusi sijaitupa. Ndiyo yenye namba ambayo mdogo wangu anaijua kichwani.

Alhamisi, 2 Mei

Darubini nimeifunika kwa gunia, halafu nimeifunua, maana bila hiyo sioni kitu. Nafanya kazi kwa jicho alilonipa Shemeji.

Simu ya mdogo wangu ipo kwenye droo. Naichaji kila siku ya tatu. Ni simu safi kuliko zote mji huu na haina mtu. Fundi cherehani ameniuliza kama nitaiuza. Nikamjibu vibaya. Baadaye aliniletea chai.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Leo hakuna hata simu moja ya maji, tope limekauka lina nyufa.

Saa tisa simu ya harusi ikalia. Namba ya zamani ya mdogo wangu. Meseji: "Dada shikamoo. Mimi na Nukta hatujambo. Mambo yote sasa ni shwari, tunaishi vizuri na baba yake. Usiwe na wasiwasi wala usije kwa sasa. Nitakutafuta mwenyewe."

Nimeisoma mara nyingi. Haina kosa hata moja. Yeye pia huandika Dada. Yeye pia huandika shikamoo, alilelewa. Nikajiambia labda ni kweli ameandika yeye, amekaa kitandani, Nukta kalala, anapata hewa kidogo. Nilitaka sana iwe hivyo. Fundi cherehani alikuwa ananitazama, mguu umesimama kwenye pedali.

Nikajibu: "Marahaba mdogo wangu. Nashukuru kusikia. Mbusu Nukta. Bisibisi ipo, haijaenda popote."

Vikatokea vile vialama viwili vya kuonyesha kwamba imesomwa. Kikaja kile kinukta kinachoonyesha mtu anaandika, kikasimama, kikaja tena. Nikasema moyoni, andika tu neno lolote. Nitukane. Niambie redio, niambie panya.

Jibu likaingia.

"Bisibisi ipi?"